Bata Mzinga wa Kilima cha Sizemore

Kilimani, 8 Januari 2018

Kaka Verlin,

Moyo wako unaendeleaje? Mkeo Twila ameniandikia kwenye kadi ya Krismasi kwamba daktari amekutia vyuma vingine viwili kwenye mishipa, nawe ukatoka hospitali ukaenda moja kwa moja kula mbavu za nguruwe. Ni wewe yule yule. Huku tu wazima, ila baridi inatukomesha. Bomba la zizini limeganda tangu Jumapili, nanyweshea ng'ombe kwa ndoo, na goti langu linanitukana kila hatua. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Coy Huddle bado anakuja kunipasulia kuni, na bado anamaliza biskuti zote mezani. Jirani ni jirani, nimvumilie tu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatiana. Mara tatu za mwisho wewe ulikata mbili, mimi moja. Sasa soma mpaka mwisho kabla hujapandisha hasira.

Theluji ilipoanguka wiki iliyopita nilipanda kilima kutafuta nyayo za bata mzinga wa mwituni. Nilizunguka kutoka uzio wa Coy hadi kijitoni, saa nne nzima na goti hili. Nimekuta nyayo za ndege watatu. Watatu, Verlin! Majike wawili na dume mmoja. Nawe unakumbuka Baba alikuwa anazima trekta na kungoja kundi likatize njia, mpaka uji wake wa mahindi unapoa nyumbani na Mama anafoka.

Ninataka tukifunge kilima misimu miwili. Asiwinde mtu yeyote, awe mgeni, awe Coy, awe wewe. Nimeweka karatasi humu ndani. Kwa kuwa Baba alituachia kilima sisi wawili, askari wa wanyamapori hawezi kumzuia mtu mpaka tusaini wote. Mimi nimeshasaini. Nafasi yako iko chini ya jina langu.

Mpe Twila salamu. Mwambie zile soksi zinanitosha.

Dada yako,
Oleta

*

Tulsa, 2 Machi 2018

Oleta mdogo wangu,

Samahani nimechelewa, mambo yamekuwa mengi. Mimi mzima kiasi. Ngazi za kanisani napanda kwa awamu, kama mzee. Twila ananipikia kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, nami namla huku nikiwaza mkate wako wa mahindi na mafuta ya nguruwe. Binti yetu amehamia nyumba mpya. Hongera kwa ndama.

Haya, bata mzinga. Kwanza, wewe ni mtunza ng'ombe, nani alikupa kazi ya kuhesabu nyayo? Bata mzinga hana ahadi na wewe. Huenda siku hiyo walikuwa upande wa Coy wanakula mahindi yake. Pili, hata kama wamepungua, si mimi. Zamani kila mtu alitega rakuni, wale wanyama wezi wa usiku, ngozi zao zilikuwa na soko. Siku hizi hakuna anayetega, rakuni wamejaa tele, na kila usiku wanatafuna mayai. Ongeza paka mwitu, ongeza mbweha, ongeza mvua za Mei zinazoua vifaranga kwa baridi. Mimi nakuja siku chache kwa mwaka, napiga dume mmoja, naondoka. Dume hatagi yai, Oleta.

Na kwa kuwa unapenda sana kuhesabu, hesabu hili. Ni nani anayekata nyasi za bonde la chini mwezi Mei, wakati majike wamelalia mayai humo humo? Coy alinisimulia kilichotoka kwenye mashine yako mwaka juzi. Sikukuuliza, nikajua unajisikia vibaya.

Nitafika Jumapili tarehe 15 Aprili jioni, tayari kwa ufunguzi wa msimu wa kuwinda Jumatatu. Niandalie kitanda cha chumba cha nyuma. Mwaka huu nakuja na mbinu mpya, unashika mkia wa dume uliokaushwa, unaukunjua mbele ya uso, unatambaa nyuma yake. Dume anadhani mwenzake amekuja kumtukana, anakukimbilia mwenyewe! Utacheka.

Kaka yako,
Verlin

*

Kilimani, 11 Machi 2018

Verlin,

Salamu zako zimefika. Ndama anaendelea vizuri. Bomba limeachia, zizini kulikuwa ziwa.

Kuhusu nyasi, Coy amesema kweli. Alikuwa jike aliyelalia mayai kumi na moja. Nilishuka kwenye trekta nikakaa chini, nikashindwa kumaliza mstari. Tangu siku hiyo sikati bonde mpaka Julai, na ng'ombe wangu wanakula majani magumu kama fagio. Nimekosa, nikabadilika. Sasa nakuuliza wewe umebadilisha nini.

Karatasi yangu hukuitaja hata kwa neno moja. Umeipeleka wapi?

Unasema unapiga dume mmoja. Verlin, mimi ndiye niliyewanyonyoa! Mwaka jana ulipiga watatu, na sheria inaruhusu wawili. Zamani ungempeleka kila ndege kwenye duka la chakula cha mifugo, wanaume wote wamesimama pale na kahawa zao, wanamgusa zile ndevu za kifuani wanazoota madume, wanakuuliza umempigia wapi. Wa tatu ungeona haya kumshusha garini. Siku hizi unaandikisha ndege kwa kubonyeza namba za simu ukiwa umekaa barazani kwangu. Nilikusikia ukimwandikisha wa tatu kwa jina la Twila. Twila anaogopa hata kizibo cha chupa kikiruka!

Na usinidanganye kwamba dume hana kazi. Unawafuata wiki ya kwanza, wale wakubwa wanaoita kwa sauti, kabla hawajamaliza kupanda majike. Ukiondoa watatu kama hao, Coy akaondoa wawili, na jamaa wa upande wa barabara wakaondoa wao, nani anabaki? Rakuni alikuwepo hata zama za Baba. Hiyo mbinu yako ya kutambaa na mkia usoni ndiyo haikuwepo. Angekuona angevua mkanda na kukuchapa, na miaka yako sabini na moja.

Baba mwenyewe alifungua yale makasha ya serikali, ndege kumi na wawili wa mbegu, wakati kilima kizima hakikuwa na hata mmoja. Majirani wote wakakubaliana miaka kumi bila risasi. Walikuwa watu wenye njaa kuliko sisi.

Njoo Aprili, chumba cha nyuma ni chako. Nitakupikia vyenye chumvi bila kumwambia Twila. Bunduki iache Tulsa.

Oleta

*

Tulsa, 28 Machi 2018

Oleta,

Hatujambo. Mvua tu.

Nilikuwa sitaki kukuambia, lakini umenilazimisha. Daktari amesema baada ya mwaka huu nisipande tena vilima. Nimemwomba Aprili hii moja, amekubali shingo upande, eti niende taratibu na nisiende peke yangu. Nimewinda kilima kile tangu nina miaka kumi na miwili. Sina kitu kingine nikiamka asubuhi. Nakaa dirishani naangalia maegesho ya magari.

Kwa hiyo niombe jambo lolote lingine. Nitasaini karatasi yako tarehe 17 Aprili, kwa mkono wangu, mezani kwako. Jumatatu tarehe 16 ni yangu.

Verlin

*

Tulsa, 30 Aprili 2018

Mdogo wangu Oleta,

Natumaini barua hii inakukuta umerudi nyumbani. Twila amempigia Coy kila siku, naye anasema marisau matano, zile chembe za risasi yangu, yametolewa na mawili yameachwa mkononi kwa sababu yako karibu na mshipa. Anasema la shavuni limekukosa jicho kwa upana wa kidole. Mungu ni mwema. Silali.

Nilitaka kukaa pale hospitali, lakini uligeukia ukutani, muuguzi akaniambia nikupe nafasi.

Ni ajali, Oleta. Nimemwambia askari wa wanyamapori hivyo hivyo na nimeandika maelezo. Nilimwona dume amekunjua mkia, nikapiga dume. Hakuna kingine nilichoona. Wamechukua bunduki na wamenifungia leseni miaka mitano, maana yake mpaka kaburini. Sawa, nimekubali.

Lakini na mimi nina swali, tena naliuliza kwa upendo. Ulikuwa unafanya nini pale? Siku ya ufunguzi, alfajiri, umekaa chini ya mwaloni umevaa rangi ya magome, unapiga kisanduku cha kuitia ndege! Wewe huwindi. Mtoto wa Sizemore kabisa, unajua watu wanakufa hivyo. Ungenigongea mlango wa chumba cha nyuma tukazungumza, tusingefika hapa.

Coy akikuletea supu, kula.

Kaka yako anayekupenda,
Verlin

*

Kilimani, 19 Mei 2018

Verlin,

Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haushiki kalamu bado. Ndama ameachishwa. Coy analeta supu, mbaya sana, nakula.

Umeuliza nilikuwa nafanya nini. Nakujibu.

Jumapili usiku baada ya kula ulitoka barazani kumsikiliza dume akiruka kwenda kulala kwenye misonobari. Nilikuona uso. Nikajua saa moja na nusu asubuhi atakuwa amekufa, na majike walikuwa hawajaanza hata kumkaribia, kwa baridi ile ya mwaka huu. Nikachukua kisanduku cha mwerezi, kile Baba alichonichongea. Nikatangulia. Nilitaka nimwite aje upande wangu, nimshikilie huko bondeni hata kama ni kwa kumdanganya, mpaka saa saba mchana uwindaji unapofungwa. Siku moja tu. Uliahidi kesho yake ungesaini, nami mjinga nikakuamini.

Kulipopambazuka aliita. Ukamwita wewe, akakujibu. Nikamwita mimi, akaniacha akujibu wewe, akarudi kwangu. Mwisho akaja kwangu. Nilimsikia akikanyaga majani, nikamwona akitokea, kifua kikimeta, amekunjua mkia, anaburura mabawa chini. Nilikuwa nalia, Verlin, kwa jinsi alivyokuwa mzuri. Nikasema moyoni, nimekuokoa.

Halafu bunduki.

Baba alitufundisha jambo moja kabla hajatupa hata kijiti cha kuchezea. Ukisikia sauti ya jike inaita msituni, hufuati sauti. Unakaa, unangoja ije. Wewe uliifuata. Ulitambaa hatua mia tatu na moyo wa vyuma, ukaja mpaka dume akawa katikati yetu.

Na kuna hili. Mimi niko chini, damu inaingia mdomoni, nakuona kwa jicho moja. Ulimkimbilia yeye kwanza. Ulisimama juu ya shingo yake asije akarukaruka na kuharibu manyoya. Nilikuita jina mara mbili. Ulisubiri mpaka akatulia ndipo ukaja.

Askari alinikalia hospitalini na daftari lake. Aliniuliza kama ninaamini ni ajali. Nikasema ndiyo. Ningesema vinginevyo ungeenda jela, na Twila hana kosa.

Sasa wewe niambie. Tumepiga visanduku pamoja barazani tangu nina miaka tisa. Ulikuwa unanicheka kwamba jike wangu anaita kama anayelalamikia nauli. Niambie kwamba asubuhi ile ulidhani ni jike. Niandikie maneno hayo hayo, kwa mkono wako, nami nitajaribu.

Oleta

*

Tulsa, 17 Juni 2018

Oleta,

Leo ni siku ya baba. Binti yetu ameleta keki. Joto kali. Twila anakusalimu, anauliza mkono.

Nimeanza barua hii mara nne.

Nilijua ni wewe. Milio mitatu mifupi, kimya, halafu mmoja wa kuvuta. Hakuna jike duniani anayeita hivyo. Nilijua tangu mlio wa kwanza, na nilikasirika. Saa nzima nilikuwa nimemshika yule dume kwa sauti, ananijibu mimi, anasogea kwangu. Ukaanza wewe akanigeuzia mgongo. Aprili yangu ya mwisho, na unaninyang'anya kwa kisanduku cha Baba!

Nikasema haya, mwite basi. Wewe mwite, mimi nitampiga. Nikaweka mkia mbele ya uso nikatambaa kufuata sauti yako. Nilikuona, Oleta. Niliona kofia yako kando ya mwaloni. Nilipima kwa macho nikaona uko mbali na mstari, nikadhani marisau yataishia kwake. Sikungoja asogee pembeni kwa sababu alikuwa anakuja kwako, na sikutaka umpate wewe. Ndiyo ukweli wote. Kuhusu kumkimbilia ndege kwanza, ni kweli. Miguu ilikwenda yenyewe.

Umempa askari jibu lile, na mimi nimelipokea nikanyamaza. Hilo nalo lilikuwa mezani kwangu kila asubuhi.

Karatasi yako imo humu. Nimeisaini. Ilikuwa kwenye droo ya soksi tangu Januari, haikupotea.

Na mwaka jana nilipiga wanne. Mmoja hukumnyonyoa wewe, nilimwacha kichakani kwa sababu nilipomgeuza nikaona ni jike mwenye ndevu. Wapo majike wa hivyo, sheria inaruhusu kuwapiga, lakini niliona aibu.

Verlin

*

Kilimani, 9 Julai 2018

Verlin,

Mkono unashika kijiko sasa, na kalamu kidogo. Matunda meusi ya uziani yameiva, nimepika pai mbili, Coy kala moja na nusu. Asante kwa kuandika ulichoandika. Nimekisoma mara moja, sitakisoma tena.

Nikupe habari za kilimani. Mwezi Mei jike mmoja aliteremka bonde la chini, akatengeneza kiota kwenye zile nyasi ambazo sikuzikata. Yule mwingine sikumwona tena. Huyu alitaga mayai tisa. Nikaweka uzio wa waya kwa mbali, nikafunga mbwa, nikatega rakuni kama ulivyosema, nikapata saba. Mvua haikunyesha sana. Hakuna paka mwitu aliyemgusa, wala nyoka. Unajua yai la bata mzinga linahitaji siku ishirini na nane. Siku ya thelathini nilisema labda nimekosea hesabu. Siku ya arobaini alikuwa bado amelala pale, amekonda, manyoya ya kifua yametoka, ananitazama. Hakuwa na wa kumwambia kwamba ndani hamna vifaranga.

Siku ya arobaini na tatu aliondoka. Nilivunja yai moja, halafu la pili, halafu yote. Maji matupu. Hakuna hata moja lililokuwa na alama ya damu. Hakuna dume aliyemgusa jike huyo.

Karatasi nakurudishia, ichome. Sitaipeleka kwa askari, maana hakuna tena dume wa kufungiwa kilima.

Nimekaa na jambo moja wiki nzima na nakuambia kama lilivyo. Ningelala kitandani siku ile, huenda angekuchenga. Wewe umezeeka, unapumua kwa kelele, na yeye alikuwa mjanja, alishakukwepa misimu miwili. Angekutazama kutoka mbali akaenda zake. Mimi ndiye niliyemtoa msituni. Alikuja kwa sababu niliita vizuri. Sina haja ya wewe kunifariji kwa hilo, tena nakuomba usithubutu.

Usije tena hapa. Mwambie Twila anaweza kuja yeye, wakati wowote.

Nasikia kila Jumamosi mnakula kifungua kinywa na wazee wenzio wa kanisani, wawindaji wote, mnabishana bata mzinga wamekwenda wapi. Watakuuliza na wewe, maana unatoka kilima kilichokuwa maarufu. Usiwatajie rakuni, Verlin. Usiwatajie mvua. Wataje waliowamaliza. Anza na jina lako, halafu taja langu.

Oleta